Leba imejaa, mkunga ni mmoja

Kwa miaka mingi kilio chetu katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria, Tanzania, kilikuwa kwamba kinamama wanajifungulia nyumbani. Kilio hicho kimepungua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 81. Makadirio ya vifo vya uzazi nayo yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na ingawa makadirio ya aina hiyo hayakosi mashaka, mwelekeo wake unatia moyo.

Sisi wakunga tunaowapokea kinamama hao tunaona jambo jingine: wajawazito wameitikia wito, lakini idadi ya wakunga kwenye zamu haijaongezeka kwa kasi hiyo. Patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa kujifungua, inataka mapigo ya moyo wa mtoto na uchungu wa mama vipimwe kila nusu saa, na njia ya uzazi ipimwe kila baada ya saa nne. Kwa mama mmoja, kazi hiyo inawezekana kabisa. Wakiwa watatu usiku, na mmoja wao amekwisha kuanza kusukuma, wale wawili wanabaki na ndugu zao, na patografu zao hujazwa asubuhi kwa kukumbuka. Wasimamizi huita huo uzembe. Mimi nauita hesabu isiyotoka, kwa sababu mtoto akizaliwa bila kulia, dakika ile ya kwanza ni ya kumsaidia kupumua, na dakika hiyohiyo mama anahitaji dawa ya oksitosini ili asitokwe damu nyingi. Hata zile kauli kali ambazo wananchi hutulalamikia kwa haki, na ambazo sizitetei, nyingi huzisikia alfajiri, kutoka kwa mtu ambaye hajaketi tangu jioni.

Upande wa usafiri tumepiga hatua. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, umefanya safari ya rufaa kwenda hospitali kubwa ianze kwa kupiga namba 115, na gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kijijini humbeba mama na kulipwa kwa simu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikituumiza roho kila tulipokuwa na mama wa kupelekwa hospitali ya rufaa ya Bugando, jijini Mwanza. Visiwani hali ni tofauti: ziwa likichafuka, boti haiondoki, na mkunga wa zahanati hubaki na mgonjwa wake mpaka upepo utulie.

Ndiyo maana naamini mustakabali wa huduma ya uzazi uko kwenye mikono ya mkunga aliyepo pale pale. Ushahidi upo hapa kwetu. Mradi wa Safer Births uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, Mwanza na Geita ikiwemo, wakunga wakifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli papo hapo kazini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Mazoezi hayo, hata hivyo, hayana faida kubwa iwapo aliyefunzwa anahamishwa. Kwa kuwa tunasomeshwa uuguzi na ukunga kwa pamoja, kwenye ratiba tunahesabika kuwa sawa popote, na mkunga aliyeiva leba hukuta jina lake wodi ya wanaume, huku nafasi yake ikishikwa na kijana ambaye hajawahi kukutana na kifafa cha mimba akiwa peke yake. Hili halihitaji bajeti mpya. Ni uamuzi wa mganga mfawidhi na muuguzi mkuu wa kituo.

Panapohitajika fedha, ningeomba zielekezwe kwanza kwenye ajira, ili kila zamu ya usiku iwe na wakunga wawili, kabla ya kuzindua jengo jingine la wazazi. Zahanati za visiwani zingetangulia, kwani huko mkunga akienda likizo ya uzazi yeye mwenyewe, mara nyingi haletwi mtu wa kushika nafasi yake.