Boti ya kambakoche ziwani Nyasa

Mwezi wa sita uliopita mjomba wangu, ambaye tangu astaafu hana mazungumzo mengine isipokuwa ya maji, aliniomba nishuke naye kutoka Mbeya hadi Matema kuangalia boti iliyotumika ambayo mwenye nayo alikuwa anaiuza. Tuliondoka na baridi ya Uyole, tukapita migomba na chai ya Tukuyu, na kabla hatujafika Ipinda masweta yote yalikuwa kiti cha nyuma.

Boti yenyewe ni ya faiba, ina urefu wa futi 28 na kabini ya kulala watu wawili, nayo imeundwa kwa umbo la boti za wavuvi wa kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini, wa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ilishushwa Dar es Salaam, ikapandishwa Kitonga juu ya lori, na sasa imekaa juu ya magogo chini ya mwembe, mita chache kutoka majini. Ziwa Nyasa halina kambakoche hata mmoja. Lina usipa na mbasa. Hata hivyo umbo lile lina sababu zake, na sababu hizo ndizo zilizomvuta mjomba. Mvuvi wa kule hutega madema kandokando ya miamba, mara nyingi akiwa peke yake au na msaidizi mmoja, kwa hiyo boti yake ina omo, yaani sehemu ya mbele, iliyoinuka ili ipasue mawimbi, na ubavu unaoteremka kuelekea tezi, yaani nyuma, ili aweze kuinama na kuikamata kamba ya dema bila kuvunjika mgongo. Usukani huwa upande wa kulia, karibu na winchi ya kuvutia kamba hizo. Injini ni moja, ya dizeli, katikati chini ya sakafu, na mkuku, ule uti wa chini ya boti, ni mrefu na unashuka hadi chini ya propela na kuikinga. Mtu anayelijua Ziwa Nyasa wakati wa masika, Mto Lufilyo unapomwaga magogo na mashina ya migomba, hahitaji kuelezwa faida ya mkuku wa namna hiyo.

Mwenye boti alianza na vifaa. Alituonyesha rada, kioo cha ramani, kipima kina, redio ya VHF, kompasi, betri mbili, pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti), jiko dogo na jaketi okozi sita, na ilikuwa wazi kwamba sehemu kubwa ya bei yake ya shilingi milioni 75 ilikuwa imesimama juu ya vitu hivyo. Nakiri kwamba mimi nilivutiwa. Kioo kilipowashwa kilileta pwani ya Maine yenye visiwa vyote, lakini tulipokisogeza hadi kwetu kikabaki buluu tupu. Rada nayo huona vizuri chuma, ilhali usiku wa usipa ziwani kunakuwa na mitumbwi ya mbao, na mbao hurudisha mawimbi yake kwa unyonge sana. Karabai ya mvuvi utaiona kwa macho kabla rada haijasema neno. Kipima kina ndicho nilichokithamini, kwa sababu chini ya Milima ya Livingstone ufuko hutumbukia ghafla, na ziwa hili lina kina cha takriban mita 700 mahali penye kina kirefu zaidi.

Mjomba hakusema kitu. Alikuwa amechuchumaa nyuma, chini ya tezi.

“Mwanangu, njoo uone hiki,” akaniita.

Kwenye shafti ya propela na kwenye bamba la usukani lililo chini ya boti kulikuwa na vipande vya zinki, vile vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya propela. Mwenye boti alisema kwa fahari kwamba vilikuwa kama vipya, havijalika hata kidogo. Mjomba alikwangua kimoja kwa kisu, na ukoko mweupe, mgumu kama wa birika la chai, ukabanduka. Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hujifunika ukoko na kuacha kazi, na kinachofaa ni magnesi. Propela ya shaba nyeusi ilikuwa tayari na mabaka ya rangi ya waridi, dalili kwamba madini yake yameanza kutoka. Yaani kile alichokuwa anakisifu mwuzaji ndicho kilichokuwa kinamla taratibu.

Tuligonga faiba yote kwa mpini wa bisibisi. Ubavuni sauti ilikuwa kavu. Kwenye sitaha, karibu na kitako cha rada, ikawa nzito kama ya kugonga papai bivu, maana yake maji yamepenya kwenye tundu la skrubu na kulowesha mbao nyepesi zilizo katikati ya faiba. Chini ya mkuku tulihesabu malengelenge kumi na moja, madogo, ya kawaida kwa chombo kilichokaa muda mrefu kwenye maji baridi.

Injini ilitushinda siku hiyo, kwa sababu mjomba alipoigusa aliikuta ya moto. Dizeli iliyopashwa kabla ya mnunuzi kufika haisemi ukweli. Tulilala Matema, tukarudi alfajiri, tukaweka pipa la maji la kuipoza, na ikawashwa ikiwa baridi kabisa. Ilitoa moshi mweupe kwa dakika mbili hivi, kisha ukakatika. Haukuwa wa buluu, ambao ungekuwa wa oili kuungua. Oili yake haikuwa na weupe wa maziwa, ambao ungekuwa dalili ya maji kuingia. Kiwiko cha ekzosi, yaani cha bomba la moshi, kilikuwa kimeoza, na hicho lazima kibadilishwe.

Kilichobaki ni nanga. Upepo wa kusini, mwera, ulikuwa umeanza, nao hutembea juu ya ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 580 kabla ya kutua kwetu huku kaskazini. Mtumbwi unavutwa mchangani, lakini boti ya tani karibu nne yenye mkuku haivutiki, lazima ilale nangani. Kwa maji ya mita 6 amari, yaani kamba ya nanga, inayofaa kwa upepo kama huo ni mita 40 hivi. Ndani ya sanduku la omo tulikuta mita 18.

Mjomba alitaja milioni 52, tukaagana kwa heshima. Jumamosi iliyopita mwenye boti alipiga simu kusema kwamba ameshuka hadi milioni 60 na rada ameitoa. Mjomba alimjibu kwamba rada abaki nayo, ila kwa bei hiyo aongeze amari.