Kuhifadhi chumba bila kusomewa: kazi yangu kwenye tovuti ya nyumba ya wageni

Nyumba moja ya wageni katika Mji wa Kale, Mombasa, ilinikabidhi tovuti iliyokwisha kujengwa na mtu mwingine, pamoja na agizo fupi: mgeni asiyeona aweze kuhifadhi chumba mwenyewe. Katika Kenya hilo si hisani, kwani Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Kwa upande wa ufundi nilifuata WCAG 2.2, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, ambao W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, liliutoa Oktoba 2023.

Nilimwomba mwalimu mmoja asiyeona, mkazi wa Likoni, aipitie tovuti hiyo kwa kompyuta yake yenye NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Kabla hajafika mbali alicheka. "Mwanangu, huyu Mzungu wenu anasema nini?" Ukurasa ulikuwa wa Kiswahili, lakini msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga, ulitangaza kuwa ni wa Kiingereza, kwa hiyo kila neno lilitamkwa Kizungu hata likapoteza maana. Nilibadilisha alama ya lugha kutoka "en" kuwa "sw", kisha nikazitia aya za Kiingereza alama yake peke yake. Ni herufi mbili tu, na sijui marekebisho mengine yenye faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Fomu ndiyo iliyonichosha. Maneno "Jina" na "Simu" yalionekana juu ya visanduku, ila hayakuunganishwa navyo katika msimbo, na Mwalimu aliposogea kwa kibodi alisikia kwamba pana mahali pa kuandika bila kuelezwa aandike nini. Kila kisanduku nilikifungia lebo yake. Kalenda ya kuchagulia tarehe, iliyoitikia kipanya pekee, niliiondoa nikaweka visanduku vya siku, mwezi na mwaka. Maandishi ya kijivu hafifu niliyakoza hadi tofauti ya mwangaza kati yake na weupe wa ukurasa ipite uwiano wa 4.5 kwa 1, jambo linalomfaa pia mwenye macho mazima anayesoma simu juani.

Kuhusu maelezo ya picha, ambayo programu humsomea asiyeona, mwenye nyumba alitaka yenye sifa: "mandhari ya kuvutia". Mimi niliona msikilizaji anahitaji kilichomo, hivyo picha ya baraza ya darini nikaiandikia: "Baraza ya darini yenye viti vya makuti, hufikiwa kwa ngazi nyembamba za mbao zisizo na mahali pa kushikia." Aliogopa kwamba ngazi zitawafukuza wageni. Nilimjibu kwamba anayetumia kiti cha magurudumu atazikuta tu siku ya kuwasili, akiwa amekwisha kulipa. Alikubali, na vyumba vya chini vikaandikwa waziwazi kuwa ndivyo visivyo na ngazi, pamoja na upana wa milango yake.