Nilivyojaza dagaa wa mwanga kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, Kirumba

Jamani nimeweza! Jumamosi ukuta wa ofisi ya mtaa wetu hapa Kirumba, Mwanza, ulijaa dagaa wa mwanga, yaani picha za projekta, wanaogelea toka dirisha hili mpaka lile, watoto wamekaa chini wanashangilia, na mimi nyuma ya laptopu machozi yananilenga. Naandika kwa sababu walionivunja moyo ni wengi, kila ninayemuuliza ananiambia bila projekta ya lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) usijisumbue. Lyon kule Ufaransa, ambako kila Desemba majengo yanapambwa kwa taa na picha mpaka unasahau kufumba mdomo, walianza tarehe 8 Desemba 1852 kwa kuweka mishumaa madirishani basi. Mimi nilikuwa na projekta ya 3,500, ile ya kwenye maharusi, nikaikodi kwa jamaa yangu kama elfu arobaini hivi, petroli ya jenereta pembeni.

Kibali niliandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, akakubali.

Mara ya kwanza iliniuma. Kuna fundi aliniambia weka mbali kadiri unavyoweza, picha itakuwa kubwa. Nikavuka barabara, nikaiweka juu ya meza ya mama wa mitumba, kama mita thelathini hivi. Kuwasha, nusu ya picha imeishia kwenye mwembe wa jirani na iliyobaki imepauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Mwanga hauongezeki ndugu zangu, unatandazwa tu, umbali ukiwa mara mbili eneo linakuwa mara nne. Halafu mwezi ulikuwa mkubwa, na taa ya ulinzi inawaka juu ya mlango, hakuna aliyefikiria kuizima. Mara wakaja wadudu wa ziwani, wale wanaonyanyuka kama moshi, wakatua kwenye lenzi, kamdudu kadogo kama punje ya mchele kanatoa kivuli kama kuku ukutani. Wakaingia mpaka kwenye feni, projekta ikachemka ikajizima. Mpaka saa sita usiku nilikuwa nawatoa mmoja mmoja kwa brashi ya rangi.

Aliyeniokoa ni baba mdogo, anavua dagaa. Nilimkuta Mwaloni, sokoni kwa samaki, anashusha mzigo, nikamweleza, akasema, "Mwanangu, sisi mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani, taa inashindwa na mwezi. Subiri giza. Na hao wadudu wape taa yao." Sijawahi kupewa ushauri mzuri kama huo, na yeye projekta hajawahi kuigusa.

Basi nikasubiri giza. Nikasimika mti upande wa ziwani, hatua kama ishirini nyuma yangu, nikaning'iniza balbu kali, wadudu wakahamia huko karibu wote. Matundu ya hewa nikafunika na chandarua kikuukuu, tabaka moja tu, ukikunja mara mbili haipumui. Projekta nikaisogeza mpaka mita tisa, kwenye yangu ukigawanya umbali kwa moja na nusu unapata upana, kwa hiyo picha ya mita sita, imekolea kweli kweli.

Sasa madirisha. Wanakwambia piga picha jengo, ukachore nyumbani. Nilichora siku mbili, kufika pale kila dirisha limepishana kiganja kizima. Nikafuta yote, nikafungua programu ya kuchorea, kioo chote cheusi, nikakaa pale pale nachora kwa mausi huku macho yako ukutani, laptopu siiangalii kabisa. Unaona kimstari cheupe kinatembea juu ya plasta, kinazunguka fremu, kinapita kwenye nondo, unakifuata mpaka kinakutana na kilipoanzia. Nilisisimka mwili mzima. Ndani ya dirisha unajaza nyeusi, maana nyeusi ni mahali pasipo na mwanga, dagaa wakifika pale wanapotea wanatokea upande wa pili. Baada ya hapo mtu asiguse meza, miguu niliizungushia matofali na mdogo wangu akakaa mlinzi.

Chini ukuta wao una rangi ya bluu, na rangi ya chungwa ikifika pale inakufa, kwa hiyo pale niliweka mawimbi tu, bluu na nyeupe.

Baba mdogo hakuona. Giza lile nililolisubiri mimi ndilo alilokuwa analisubiri yeye, usiku ule alikuwa ziwani na taa zake. Nimemtunzia video kwenye simu.