Tulifika Pwani, Bahari Haikuwepo

Wazo lilikuwa la Mkenya wetu, na kama ilivyo kawaida yake lilikuja wakati mbaya. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, mitihani imebaki wiki mbili, nasi wanne tumejifungia maktabani Bristol tangu asubuhi: yeye, mimi, Mchile anayesoma fizikia na Mmalaysia anayesoma sheria. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja mara tatu na bado sikuweza kusema ulihusu nini.

"Ndugu yangu, umeona jua lile?" akaninong'oneza kwa Kiswahili, ili wale wengine wasisikie.

"Nimeliona."

"Basi funga kitabu. Twende baharini."

"Lini?"

"Lini tena? Sasa hivi."

Mtu asiyewahi kukaa Uingereza anaweza kudhani ni utoto. Lakini jua la kule haliwekwi akiba. Ukisema utalifaidi kesho, kesho unaamkia manyunyu na koti. Wale wawili walipoambiwa hawakuuliza hata swali moja, na hilo ndilo lililonionyesha jinsi sote tulivyokuwa tumechoka. Hakuna aliyerudi bwenini kuchukua taulo. Mchile alikuwa na kandambili miguuni, akasema ishara ndiyo hiyo.

Saa tano tukawa stesheni ya Temple Meads, tunatafuta treni ya kwanza inayoelekea kwenye maji. Ilikuwa ya Weston-super-Mare, dakika thelathini na kitu tu. Mmalaysia, ambaye masomo ya sheria yamemjaza Kilatini kichwani, akatufafanulia jina njiani: super mare, maana yake juu ya bahari. Tukafurahi. Mji ambao umeiweka bahari ndani ya jina lake hauwezi kumwangusha mgeni.

Tulitoka stesheni tukafuata watu wenye ndoo za plastiki na watoto. Kona ya mwisho tukaikata karibu kwa mbio. Mbele yetu ukatokea ufuko mpana ajabu, mchanga wa rangi ya biskuti, punda wamepangwa mstari wakisubiri kubeba watoto, na gati kubwa lenye jengo la michezo ya starehe kwenye ncha yake. Chini ya gati hapakuwa na maji. Nguzo zilisimama kwenye nchi kavu, zote mpaka ya mwisho. Baada ya mchanga likafuata tope, na baada ya tope likafuata tope jingine linalong'aa, na huko mbali kabisa kulikuwa na uzi mwembamba wa kijivu.

Mkenya akasimama, mikono kiunoni. "Sasa bahari yenyewe iko wapi?"

"Si ile pale," Mchile akaonyesha ule uzi. "Twendeni tuifuate."

Pana vibao vinavyoonya juu ya tope. Tulivisoma kama mtu anavyosoma masharti ya programu ya simu. Mchanga mkavu ukaisha, ukaja wa maji maji, kisha ardhi ikaanza kubonyea chini ya nyayo kama unga uliozidi maji. Mchile alikuwa mbele. Mguu wake wa kushoto ukazama hadi kifundoni, akacheka. Akauvuta, ukazama hadi katikati ya ugoko, akaacha kucheka. Tulimshika mikono tukamrudisha kinyumenyume. Mguu ulitoka kwa mlio wa kizibo kinachong'olewa. Kandambili haikutoka.

Nyuma yetu mzee mmoja mwenye mbwa alikuwa akipiga kelele. Tulipomfikia hakutugombeza, na nadhani angetugombeza tungejisikia afadhali. Alisema kila mwaka kuna watu wanaonasa pale, na waokoaji huwafuata kwa vyombo vinavyoelea juu ya hewa kwa kuwa mashua haifai na gari halifiki. Kisha akasema, "Msiifuate bahari. Kaeni hapa, itawafuata yenyewe." Tukamuuliza saa ngapi. Akatazama upeo bila hata kuangalia saa, akatuambia tuanze kuitazamia kuanzia saa kumi na moja jioni.

Ilikuwa saa saba mchana.

Nitakiri kitu. Kati yetu wanne, mimi na Mkenya ndio wenye lugha ambayo imeyapa haya yote majina: maji kupwa, maji kujaa, maji mafu, bamvua. Neno moja tu, bamvua, linakuambia kwamba mwezi ukiwa mpevu au mwandamo maji hujaa kupita kiasi na kukupwa kupita kiasi. Na usiku uliotangulia nilikuwa nimesimama dirishani nikautazama mwezi uliobakiza kidogo tu kuwa duara kamili, nikasema moyoni kuwa ni mzuri, nikarudi kwenye vitabu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angenipa sifuri.

Mchile, akiwa amekalia ukuta na mguu mmoja mweusi, ndiye aliyetueleza sababu. Mlango wa mto Severn umekaa kama faneli, mpana upande wa Atlantiki na mwembamba kadiri unavyoingia bara. Maji yakisukumwa humo hayana pa kwenda ila juu. Ndiyo maana tofauti kati ya kujaa na kukupwa huko ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani: karibu na Bristol, kule Avonmouth, siku za bamvua hufika mita 14. Ufuko ukiwa tambarare kama ule wa Weston, maji yakishuka lazima yaende mbali sana kujificha. Kisha akatuonyesha kisiwa kidogo bapa kwenye upeo, Flat Holm, akasema mwezi Mei wa mwaka 1897 Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, na wenzake walirusha ujumbe wa redio kutoka pale hadi pwani ya Wales, wa kwanza kuvuka bahari.

"Na sisi," akasema Mmalaysia, "tuna simu nne mfukoni na hakuna aliyeuliza maji yanajaa saa ngapi."

Hakuna aliyemjibu.

Saa nne za kusubiri ziligeuka kuwa sehemu bora ya safari, ingawa siku ile nisingekubali kulisema. Tulikula chipsi za siki huku tukiwalinda shakwe, ambao hawaombi, wananyang'anya. Tuligundua kuwa wenyeji nao walikwisha kuichoka tabia ya bahari yao: mwaka 1929 walijenga ukuta na kufungia maji kwenye kidaka cha ufuko, wakapata ziwa dogo ambalo haliendi popote. Tungeweza kuogelea humo. Mkenya akakataa. Alisema hakuacha maktaba kwa ajili ya dimbwi.

Tukaenda hadi gati la zamani la Birnbeck, la mwaka 1867, linaloiunganisha nchi kavu na kisiwa kidogo cha mawe. Lilifungwa mwaka 1994. Vyuma vyake vilikuwa vimeliwa na kutu, na ndege walikuwa wamejimilikisha. Tulikaa pale muda mrefu tukizungumza habari za nyumbani, kila mtu za kwao.

Mmalaysia ndiye aliyeiona kwanza. Haikuja kwa mawimbi. Ilikuja kimya kimya, ikijaza mifereji midogo ya tope, kisha ikiiunganisha, kisha unatazama pembeni kidogo na ukirudisha macho mahali palipokuwa pakavu panametameta. Ikapita juu ya kandambili ya Mchile bila kusimama. Kabla ya saa kumi na mbili ilikuwa imeshika mchanga, na watoto wakaikimbilia wakipiga mayowe.

Sisi nasi tukaikimbilia, na nguo zetu. Rangi ilikuwa ya chai ya maziwa, kwa sababu ya udongo wote anaoubeba Severn. Ubaridi ulinikata pumzi hata nikashindwa kupiga kelele. Tulidumu kama dakika tano. Mkenya alidai ni kumi.

Tulipanda treni ya jioni tukiwa tumelowa, tunatetemeka, tumeketi juu ya magazeti ili tusiharibu viti. Mkagua tiketi akazitazama tiketi nne, kisha miguu minane, akahesabu viatu saba. Akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Upande wa mashariki, juu ya mashamba, mwezi ulikuwa unachomoza, mwekundu na mkubwa, mpevu kabisa. Mkenya akanigusa bega.

"Umeuona?"

"Nimeuona," nikamwambia. "Nyamaza."