Geti moja, serikali mbili

Kila asubuhi, saa moja kasoro robo, natoka nyumbani hapa Nairobi na wanangu wawili nimewashika mikono. Mkubwa yuko Gredi ya 4, kitinda mimba yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea. Wanaingia geti moja na kumsalimia bawabu yule yule, kisha mkubwa anapinda kulia kwenye madarasa ya mawe, na mdogo anashika kushoto, kwenye chumba cha mabati kando ya tangi la maji. Sikujua kwamba pale kwenye tangi ndipo serikali moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Mvua ndiyo iliyonifundisha. Aprili mwaka jana nilifika kumchukua mdogo, wakati huo akiwa PP1, nikakuta mwalimu ametandaza beseni tatu sakafuni na watoto wamejibana upande wa ukuta wa mbao. Mwanangu akanionyesha daftari lake. Alikuwa amechora nyumba yetu kwa penseli za rangi, na tone lilikuwa limeangukia paa la nyumba hiyo, nyekundu ikatiririka hadi mlangoni. Hakulia. Aliniuliza tu kama kesho darasa lingekuwa kavu.

Kwenye mkutano wa wazazi nikauliza kwa nini pesa zinazotumwa na serikali zisitumike kununua mabati. Mwalimu mkuu alitueleza kwa upole. Zile pesa za elimu ya msingi bila malipo, mpango ulioanza 2003, zinahesabu watoto kuanzia Gredi ya 1. Yeye mwenyewe ameajiriwa na TSC, tume ya kitaifa ya kuajiri walimu. Mwalimu wa mdogo wangu ni mwajiriwa wa kaunti, yaani serikali ya eneo letu. Wanakunywa chai meza moja, lakini mishahara yao inatoka kwenye mifuko miwili tofauti.

Basi nikaenda ofisi ya CDF, mfuko wa kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, kwa sababu darasa la mkubwa limejengwa kwa fedha hizo, na ukutani imeandikwa kwa herufi kubwa. Kijana aliyekuwa mezani alinisikiliza mpaka mwisho. “Mama,” akasema, “sheria yetu ya 2015 inaturuhusu kufanya kazi za serikali ya kitaifa peke yake. Chekechea ni ya kaunti. Tukiezeka hilo paa, mkaguzi atatuuliza.” Nilishuka ngazi nikiwa na hasira. Kutoka darasa lile la mawe hadi chumba cha mabati ni hatua ishirini, nimezihesabu.

Usiku ule nilimwomba binti wa jirani anifungulie Katiba kwenye simu. Jedwali la Nne limegawa kazi. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ziko kwa serikali ya kitaifa, pamoja na mitaala na mitihani. Elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto viko kwa kaunti. Kwa hivyo hata ndani ya kile chumba cha mabati kuna serikali mbili: anachofundishwa mtoto kimepangwa na serikali ya kitaifa, anayemfundisha na paa lililo juu yake ni juu ya kaunti. Nilisoma mara tatu. Yule kijana wa CDF hakuwa amenifukuza. Alikuwa amenielekeza.

Mama yangu hakubali mambo haya kirahisi. Aliuza sukuma wiki hapa mjini miaka mingi, na hadi leo kwake kaunti ni “kanjo”, lile baraza la jiji la zamani. Anakumbuka jinsi mwaka 1983 serikali kuu ilivyolivunja baraza la jiji na kuweka tume ya watu iliowateua yenyewe, na wakazi wa Nairobi wakakaa hadi 1992 bila madiwani waliowachagua. Kwa mama, City Hall, makao ya serikali ya jiji, ni mtoto na serikali kuu ni mzazi, na mzazi akikasirika mtoto hana la kusema.

Lakini Katiba ya 2010 haikuandikwa hivyo, na mimi nalishika jambo hili kwa mikono miwili. Kifungu cha 6 kinasema serikali hizi mbili ni tofauti, zinategemeana, na zinapaswa kushirikiana kwa kushauriana. Gavana si mfanyakazi wa Rais. Tunamchagua sisi, pamoja na wawakilishi wa wadi zetu 85. Kaunti zote 47 zina haki ya kugawana si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hilo si zawadi. Nikinunua sukari, kodi iliyo ndani yake inakwenda kwa serikali kuu, kisha sehemu inarudi kwetu. Nikilipia leseni ya kibanda changu au ushuru wa soko pale Marikiti, hiyo ni ya kaunti moja kwa moja.

Mstari huo wa kazi unaweza kusogezwa kwa makubaliano. Februari 2020, gavana wa wakati huo alitia sahihi Ikulu na kuikabidhi serikali ya kitaifa kazi nne, zikiwemo afya na uchukuzi, na likaundwa NMS, shirika la serikali ya kitaifa la kutoa huduma za jiji, lililoziendesha hadi 2022. Jirani zangu wengi walilisifu kwa sababu ya barabara na zahanati. Sibishani nao. Kilichoniuma ni kwamba sikujua nimuulize nani, maana yule aliyekuwa akiendesha kazi hizo hatukuwa tumempigia kura. Na Kifungu cha 187 kinasema wazi kwamba hata kazi ikihamishwa, wajibu unabaki kwa serikali iliyopewa kazi hiyo na Katiba.

Ushirikiano mzuri nao upo, nauona saa ya chakula cha mchana. Tangu 2023 kaunti inalisha watoto kwenye shule za umma, na mkubwa wangu, ambaye darasa lake na mwalimu wake ni wa serikali kuu, ananyoosha mkono wenye bangili ya kulipia, inasoma shilingi tano, anapewa sahani ya wali na maharagwe. Mtoto tumbo lake halijagawanywa.

Kuhusu paa, nilienda ofisi ya wadi. Pale niliambiwa jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue: kaunti haitoi pesa kwa sababu umelia, inatoa kwa sababu jambo lako limo kwenye mpango. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Usipowahi Agosti, umeshachelewa kwa mwaka mzima.

Tuliwahi. Tuliandika barua kwa mkono, kurasa mbili, tukataja idadi ya mabati, misumari na mbao kama fundi alivyotupimia. Wazazi 43 walitia sahihi, na nyanya mmoja anayelea mjukuu akaweka dole gumba kwa wino wa stempu. Nilibaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nimeihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, kabatini, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sasa ni Machi. Mwezi ujao makadirio yanafika, na wananchi wataitwa kutoa maoni. Kibanda nitamwachia dada yangu siku hiyo. Wiki iliyopita mwalimu alisogeza madawati yote upande wa ukuta, akaziosha zile beseni tatu na kuziinamisha mlangoni, tayari kwa mvua.