Proksi Inapokataa Nenosiri Sahihi

Malalamiko yanayomfikia msimamizi wa mtandao kuhusu proksi, yaani seva ya kati inayopitisha maombi ya watumiaji kwenda mtandaoni, huwa ya namna moja: mtumiaji anaandika jina na nenosiri, kisanduku kinajifunga, kisha kinafunguka tena kana kwamba hakuandikwa kitu. Wengi hukimbilia kubadilisha nenosiri papo hapo. Mimi siafiki, kwa sababu kisanduku kinachorudi hakithibitishi kwamba nenosiri ni baya. Kinaonyesha tu kwamba seva imejibu kwa msimbo 407, yaani proksi inadai utambulisho, nao unaweza kutokana na sababu zisizohusiana na nenosiri hata kidogo.

Ikiwa msimbo ni 401, basi anayedai utambulisho ni tovuti yenyewe, na proksi haina hatia. Hata 407 ya kwanza si hitilafu: kwa kawaida kivinjari hutuma ombi bila utambulisho, seva hujibu 407 pamoja na kichwa cha `Proxy-Authenticate` kinachotaja njia za uthibitishaji inazozikubali, ndipo kivinjari hurudia ombi lile lile kikiwa na `Proxy-Authorization`. Kwa hiyo wingi wa 407 kwenye logi (kumbukumbu za seva) si ushahidi wa lolote.

Ushahidi uko kwenye safu ya jina la mtumiaji. Katika Squid, programu ya proksi ambayo ndiyo nitakayoitolea mifano, mstari wa `TCP_DENIED/407` wenye kistari mahali pa jina unaashiria kwamba ombi lilifika bila utambulisho; mwenye kosa atafutwe upande wa mtumiaji, pengine ni programu ya kujisasisha isiyojua kabisa kujibu 407. Programu ya aina hiyo huruhusiwa kwa jina la tovuti inayoihitaji, katika kanuni inayotangulia ile ya uthibitishaji. Lakini jina likiwapo na bado ombi limekataliwa, tatizo limo ndani ya seva.

Hapo naanza na programu saidizi, kwa kuwa Squid yenyewe haikagui nenosiri, bali hulikabidhi kwa programu nyingine inayorudisha jibu la OK au ERR. Programu hiyo huweza kujaribiwa peke yake. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa mfano, naandika:

`sudo -u proxy /usr/lib/squid/basic_ncsa_auth /etc/squid/passwd`

kisha naandika jina, nafasi, na nenosiri katika mstari mmoja. Sehemu ya `-u proxy` ndiyo yenye uzito. Anayeifanya kazi hii kama `root`, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, atapata OK na kuondoka ameridhika, ilhali `root` husoma faili lolote. Seva inapojaribu kulisoma faili hilo hilo kwa jina la `proxy`, inakuta mlango umefungwa. Nimeona ruhusa za faili zikisababisha usumbufu mwingi kuliko manenosiri yaliyosahauliwa.

Jibu likiwa OK hata kwa jina la `proxy`, nageukia mpangilio wa kanuni. Mistari ya `http_access` husomwa kuanzia juu kwenda chini, na wa kwanza kulingana na ombi ndio unaoamua. Kuna mtego mmoja ambao maelekezo mengi ya usanidi huupita kimya: mstari wa kukataza ukiishia na sharti la uthibitishaji, Squid haimwambii mtumiaji kwamba amekatazwa, bali humwomba utambulisho upya. Mtu mwenye nenosiri sahihi lakini asiye na ruhusa ataletewa kisanduku bila kikomo. Ukiongeza neno `all` mwishoni mwa mstari huo, ataonyeshwa ukurasa wa katazo, nawe utapumzika na simu zake.

Kwa Kerberos, njia ya uthibitishaji inayotumia tikiti badala ya kutuma nenosiri, chunguza saa kwanza: tofauti inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5 tu. Hakikisha pia kwamba kivinjari kimeelekezwa kwenye jina kamili la seva, si anwani ya IP, kwa maana tikiti hutolewa kwa jina.

Yupo pia mtumiaji aliyefutwa asubuhi na bado anapita. Hiyo si hitilafu. Ni `credentialsttl`, ambayo kwa chaguo-msingi huiruhusu Squid kukumbuka uthibitisho wa Basic (ile njia ya jina na nenosiri) kwa saa 2. Ipunguze ukipenda, ukijua kwamba programu saidizi itaulizwa mara nyingi zaidi.

Ikiwa proksi ni ile inayoyanasa maombi njiani bila kivinjari kujua, usipoteze muda kwenye hatua hizi zote. Kivinjari kinaamini kinazungumza na tovuti moja kwa moja, hivyo hakitampa nenosiri mtu wa kati asiyejulikana, na kinafanya vyema. Ama proksi iwekwe wazi kwenye mipangilio ya kila kompyuta, ama watumiaji watambuliwe kwa anwani zao za IP.