Injini ya Land Rover: nilichofunga mwenyewe na nilichompa fundi

Land Rover ya baba ni 109 (ile ndefu) ya Series III, ya petroli, injini ya ujazo wa cc 2,286. Ilikuwa imeanza kufuka moshi wa bluu kila ikipanda kutoka Ipogolo kuja Iringa mjini, na oili inapungua wakati chini hakuna hata tone. Ushauri niliopewa na wengi ni kutoa injini hiyo na kuweka ya Toyota. Si ushauri mbaya, spea zake ziko kila mahali. Ila mimi nilitaka injini yake.

Gereji ya kwanza waliahidi kubadilisha ringi (pete za chuma zinazoziba kati ya pistoni na silinda) na gasketi, nichukue gari kesho yake. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hawajafungua. Nikauliza, mmejuaje kama silinda hazijalika? "Mwalimu, tuachie sisi." Nikawasha, nikaondoka.

Kushusha injini nilishusha mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa winchi ya mnyororo ya kuazima. Injini hii haina mambo mengi: silinda nne, kamshafti (mhimili unaofungua vali) ndani ya bloku, kompyuta hakuna. Kinachochosha ni uchafu na kumbukumbu. Vali na pushi rodi, vijiti vinavyozisukuma, nilizipanga kwenye trei za mayai zenye namba. Kofia za beringi zinazoshika krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, nazo nilizipiga alama, maana kila moja imechongwa pamoja na mahali pake. Ukiibadilisha au kuigeuza, krenki haitazunguka inavyotakiwa.

Baada ya hapo ndipo nikamtafuta fundi, mzee mmoja anayechonga bloku za malori. Nilimlipa apime kwanza. Silinda hulika zaidi juu, pale ringi inapogeuzia, kwa hiyo hupimwa juu na chini, halafu kwa upana na urefu wa injini. Zangu zilikuwa zimepanuka juu kiasi kwamba ringi mpya zisingeziba. Ile kazi ya "kesho yake" ingekuwa pesa ya kutupa. Akanizuia pia kununua chochote kabla hajaniambia saizi. Nilipomletea pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo, alipima kila moja na kuichongea silinda yake. Krenki nayo akaisaga. Kwa mashine zile na jicho lile, sioni mtu wa nyumbani angejaribu nini.

Vali nilisaga mimi, kwa unga wa kusagia na mkono. Kuhakikisha, unamwaga mafuta ya taa kwenye tundu la vali na kuangalia kama yanavuja upande wa pili. Pengo la kila ringi nilipima ndani ya silinda kabla ya kuivalisha pistoni. Bolti za hedi nilikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, hadi futi-paundi 65. Kabla ya kuwasha nilitoa plagi zote nikaizungusha kwa stata mpaka taa ya oili ikazima.

Kwenye kuchonga sikuokoa hata senti. Nilichookoa ni malipo ya kushusha na kufunga, nikayalipa kwa wikiendi zangu. Mwenye gari linalomlisha asiige, ampe fundi yote, ila adai kuonyeshwa vipimo kabla ringi hazijanunuliwa.

Sasa giaboksi inalia namba mbili. Hiyo nampelekea fundi nzima nzima.